Lubumbashi–Kinshasa: ndeke inatoka 13:00 inafika 14:20, inawezekanaje?

Swali: Papa, habari. Mimi ni mama, ninakaa Bel-Air hapa Lubumbashi. Mtoto wangu anaenda kusoma Ubelgiji mwezi wa 9, atapitia Kinshasa. Biye (tiketi) yake ya Lubumbashi–Kinshasa imeandika kutoka 13:00, kufika 14:20. Nimeangalia kwenye intaneti, wanasema kati ya kiwanja cha Luano cha hapa na kile cha N'djili cha Kinshasa ni kilometa 1,553 na ndeke inatumia masaa 2 na dakika 26. Kisha biye ya kurudi imeandika kutoka Kinshasa 07:00, kufika Lubumbashi 10:20. Kwenda saa moja na kidogo, kurudi masaa matatu na kidogo! Nani anadanganya? Ndeke ya Bruxelles inatoka N'djili 20:30 na hizi biye mbili tulinunua mbalimbali. Mtoto atafika kwa wakati kweli? Shemeji yangu anasema tungempitishia Addis-Abeba, eti ndiyo njia fupi.

Jibu: Mama, habari ya huko Bel-Air. Nianze na kile kinachokunyima usingizi. Mtoto atashuka N'djili saa ile iliyoandikwa, 14:20, na ndeke ya Bruxelles ni 20:30, kwa hiyo kwa karatasi ana masaa 6 na dakika 10 mkononi. Yanatosha, kama ndeke ya hapa itatoka siku ile ile na bila retari kubwa, yaani bila kuchelewa sana. Hiyo "kama" nitairudia huko chini juu njo penye kazi yenyewe, hasa vile uliniambia biye ni mbili. Ila kwanza tumalize habari ya nani anadanganya, maana hapa hakuna anayedanganya, hata intaneti.

Congo yetu iko na saa mbili. Kinshasa, Kongo-Central, Bandundu ya zamani na Équateur ya zamani wanafuata saa ya magharibi, ile iliyo saa moja mbele ya saa ya dunia (UTC). Sisi wa Katanga, pamoja na Kasai zote, Kivu zote, Maniema na Province Orientale ya zamani, tuko masaa mawili mbele. Kwa hiyo hapa kikigonga 13:00, saa saba mchana, Kinshasa bado ni 12:00, na iko hivyo mwaka mzima juu kwetu saa haibadilishwi na majira. Ukitaka kujua ni wapi saa inageuka kwa barabara, ni kati ya Tshikapa na Kikwit, Tshikapa iko na saa yetu, Kikwit iko na saa ya Kinshasa.

Na hii ni sheria ya biye zote za dunia, usiisahau Mama: kila saa iliyoandikwa kwenye biye ni saa ya mji ule ambapo ndeke iko wakati ule. Kutoka 13:00, hiyo ni saa ya Lubumbashi. Kufika 14:20, hiyo ni saa ya Kinshasa. Sasa fanya hesabu kwa saa moja tu, chagua yoyote. Kwa saa ya Kinshasa ndeke imeondoka 12:00 ikafika 14:20, masaa 2 na dakika 20. Kurudi, imeondoka Kinshasa 07:00, wakati huo hapa kwetu ni 08:00, ikafika Luano 10:20 ya hapa. Toa 8 kwenye 10:20, masaa 2 na dakika 20 tena. Njia ni ile ile, muda ni ule ule, ni saa ya ukutani tu inayochezea watu: ukienda magharibi inakurudishia saa moja, ukirudi mashariki inaichukua.

Kosa ninaloliona kila mara liko upande mwingine kabisa, watu wakishajua kwamba kuna tofauti ya saa wanaanza kugeuza kila kitu, wanageuza hata kile ambacho kimekwisha kugeuzwa. Mtu anaona kwenye biye "kufika 14:20", anamwambia ndugu yake wa Kinshasa "atafika 13:20 ya kwenu", na ndugu anasimama pale nje ya N'djili saa nzima anatafuta mtu ambaye bado yuko angani juu ya Kwango. Usigeuze. Mwambie yule wa Kinshasa 14:20, basi. Na siku ya kurudi wewe unayeenda kumpokea Luano shika 10:20 ya saa yako ya Bel-Air, usiongeze usipunguze.

Simu nayo inaleta shida zake. Simu ya mtoto ikiwa kwenye modi ya ndege itabaki na saa ya Lubumbashi mpaka ishike réseau ya Kinshasa, na zingine hazibadilishi kama ile alama ya saa ya otomatiki imezimwa kwenye mipangilio. Akitua aangalie saa ya ukutani ama amuulize mtu, alinganishe na simu. Kwa upande wa kwenda, simu ikibaki na saa ya Lubumbashi itamwambia muda umeenda zaidi kuliko ukweli, atakimbia bure, si mbaya sana. Hatari iko kwenye kurudi: simu ikibaki na saa ya Kinshasa hapa Lubumbashi itakuwa saa moja nyuma, na alamu italia wakati umekwisha kupita.

Kwa nini walituwekea saa mbili? Angalia jua. Luano iko kwenye longitudi 27.5 mashariki, N'djili iko 15.4, tofauti ni digrii 12 na kidogo, na jua linatumia dakika 4 kwa kila digrii, kwa hiyo jua la Lubumbashi linatangulia la Kinshasa kwa dakika 48 hivi. Karibu saa nzima. Mtu wa Goma na wa Bukavu njo kabisa, wako mashariki kuliko sisi, lakini saa yao na yetu ni moja, kwa hiyo safari ya Lubumbashi kwenda Kivu haina mchezo huu.

Sasa ile 1,553 na yale masaa 2 na dakika 26. Hizo zinatoka kwenye mashine ya hesabu, na ni vizuri ujue inavyofanya kazi juu utaiona tena ukitafuta safari zingine. Mashine inachukua namba za ramani za viwanja viwili: Luano, alama yake FBM, latitudi 11.59 kusini, N'djili, alama FIH, latitudi 4.39 kusini, na zile longitudi nilizotaja. Inapima mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, kwa kuhesabu ule mviringo wa dunia, inapata kama kilometa 1,553. Sehemu zingine utaona wameandika maili 965, zingine 838, usishituke, ya kwanza ni maili za barabarani, ya pili ni maili za baharini ambazo mapiloti wanatumia, moja ni kilometa 1.852. Umbali ni mmoja.

Muda ndio wameufanya kienyeji zaidi. Wanachukua mwendo wa kati wa kilometa 800 kwa saa, 1,553 gawanya kwa 800 inatoa saa 1 na dakika 56, halafu wanaongeza nusu saa ya kuruka na kutua, unapata masaa 2 na dakika 26. Njo hiyo tu! Mashine haijui ni ndeke ya aina gani, haijui kama kuna mvua, wala haijui kama kuna kampuni yoyote inayoruka siku hiyo. Hata ukiiandikia viwanja viwili ambavyo hakuna ndeke hata moja inayoviunganisha, itakupa masaa na dakika kwa ujasiri ule ule. Kwa Lubumbashi–Kinshasa imebahatisha vizuri, imekosea dakika 6 tu na biye yako.

Biye inahesabu kitu kingine. Ile 13:00 ni wakati ndeke inasukumwa kutoka pale ilipopaki, na 14:20 ni wakati inasimama kabisa pale Kinshasa na kuzima mota. Ndani ya masaa 2 na dakika 20 kuna kutembea chini kwenda kwenye pisti, kuruka, kupanda, kwenda, kushuka, kutua, kutembea tena chini. Mtoto akiwa dirishani anaweza kuzifuata hizo sehemu. Ndeke za aina ya Airbus A320 ama Boeing 737, ambazo ndizo nyingi kwenye njia hii, zinatumia kama dakika 20 kupanda mpaka futi 34,000 ama 36,000, na wakati huo mwendo bado haujafika ule wa juu. Kule juu zinakwenda kama kilometa 830 kwa saa. Halafu kushuka kunaanza mbali kuliko watu wanavyofikiri, kilometa 190 hivi kabla ya Kinshasa, mota zinatulia, masikio yanaanza kuziba, na mtu anauliza jirani "tumefika?" kumbe bado karibu nusu saa. Mtoto achukue bonbon ya kumumunya, njo dawa ya masikio.

Kitu kimoja kinachonifurahisha mimi, sijui kama kitakufurahisha wewe: kwa kwenda, ndeke inaelekea magharibi kwa hiyo inapewa futi ambazo maelfu yake ni namba shufwa, 34,000 ama 36,000. Kwa kurudi inaelekea mashariki, inapewa witiri, 35,000 ama 37,000. Ni utaratibu wa dunia, ili zinazokwenda na zinazorudi zipishane moja juu moja chini.

Luano nayo iko na tabia yake. Uwanja uko juu, kama mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, N'djili iko mita 310 hivi. Huku juu hewa ni nyepesi, na ikiwa nyepesi na moto, kama mchana wa mwezi wa 10, mabawa yanashika hewa kidogo na mota zinavuta kidogo, ndeke inahitaji kukimbia zaidi kwenye pisti kabla ya kuruka. Pisti yetu ni ndefu, zaidi ya kilometa 3, kwa hiyo usiogope. Ila siku ya joto na ndeke imejaa, kampuni inaweza kupunguza uzito, na kinachopunguzwa kwanza hakiwezi kuwa watu, ni kago na wakati mwingine bagaji. Njo maana nasema kila mara: dawa, diploma, barua ya shule, paspoti, nguo moja ya kubadilisha, vyote kwenye kifuko cha mkononi. Masanduku mengine yafuate kesho kama yakitaka.

Upepo? Umesikia labda watu wa Ulaya wakisema kwenda Marekani ni mrefu kuliko kurudi. Ni kweli, kule kuna upepo mkali wa juu unaotoka magharibi, London–New York tofauti inaweza kufika saa moja na zaidi. Huku kwetu karibu na ikweta upepo wa juu ni mpole, na mara nyingi unatoka mashariki, unasukuma kidogo anayekwenda Kinshasa na kumkwaza kidogo anayerudi, tunazungumzia dakika. Kinachokula muda hapa ni mawingu. Mwezi wa 9 mvua zinaanza kurudi upande wa Kinshasa, ndeke haiingii ndani ya lile wingu refu la radi, inalizunguka, weka dakika 10 ama 15. Ikikuta radi iko juu ya N'djili yenyewe inazunguka angani inasubiri, mafuta ya kusubiri yamo, sheria inataka ndeke ya mota za jeti ifike na akiba ya angalau dakika 30, juu ya yale mafuta ya kuipeleka kwenye uwanja mwingine. Na uwanja mwingine wa Kinshasa unaujua? Brazzaville, Maya-Maya, ng'ambo ya mto, kilometa 26 hivi kwa mstari. Viwanja viwili vya nchi mbili vinaangaliana hivyo.

Tukiwa kwenye mstari, chukua ramani uchore kutoka Luano mpaka N'djili kwa rula. Utapita juu kidogo ya Kolwezi, utaacha Kananga mbali upande wa kaskazini, halafu utashangaa, rula inaingia Angola! Inakata ile pembe ya kaskazini-mashariki, karibu na Dundo, ndipo inarudi Congo upande wa Kwango. Safari ya ndani ya nchi, na njia fupi inapita kwa jirani. Ndeke haifuati rula, inafuata njia za anga zilizopangwa, kutoka alama moja mpaka nyingine, kwa hiyo kilometa inazokwenda kweli ni zaidi kidogo ya zile 1,553 za mashine. Zaidi kidogo tu, lakini njo hivyo.

Kuna jambo moja ambalo ninataka ulihakikishe leo, kabla hujafanya lolote. Angalia kwenye biye kama ndeke ni ya moja kwa moja ama inapiga eskale. 13:00 na 14:20 zinaonyesha ni ya moja kwa moja, lakini programu zinabadilika na kampuni inaweza kukuhamishia kwenye ndeke inayopitia Mbuji-Mayi. Hapo kilometa zinadanganya vibaya. Lubumbashi–Mbuji-Mayi ni kama 748, Mbuji-Mayi–Kinshasa kama 920, jumla 1,668, imeongezeka kilometa 115 tu, mtu anasema aah, si kitu. Sasa hesabu muda kwa kanuni ile ile ya mashine: kipande cha kwanza saa 1 na dakika 26, cha pili saa 1 na dakika 39, na chini pale Mbuji-Mayi watu wanashuka, wengine wanapanda, mafuta, bagaji, weka dakika 45. Masaa 3 na dakika 50. Kilometa 115 zimekula karibu saa moja na nusu! Ni kama basi la Likasi linalosimama kwa kila anayepunga mkono. Na ikiwa ni ndeke ya mapanga, kama Dash 8 Q400, mwendo wake ni kama 650, hata ikienda moja kwa moja weka karibu masaa 2 na dakika 50.

Haya, sasa ile "kama".

Masaa 6 na dakika 10 kati ya ndeke mbili, kwa biye moja, ningekuambia mtoto apeleke kitabu cha kusoma. Kwa biye mbili mbalimbali hesabu ni nyingine. Biye moja maana yake kampuni imeahidi kukufikisha Bruxelles, ndeke ya kwanza ikichelewa na ukakosa ya pili, wao wanakutafutia nyingine. Biye mbili maana yake kuna ahadi mbili ambazo hazijuani. Ile ya Bruxelles haijui na haitaki kujua kwamba ulikwama Luano, saa ikifika inafunga mlango, na biye inaweza kuwa imekwisha kupotea. Bagaji pia haziendi zenyewe, mtoto atazichukua N'djili upande wa safari za ndani, atoke nazo, aende upande wa kimataifa, aandikishe upya, alipe go-pass (ile kodi ya kiwanja cha ndege) kama haimo kwenye biye, apite DGM (watu wa uhamiaji), akaguliwe. Kwa safari ya Ulaya awe mbele ya meza masaa 3 kabla, yaani 17:30. Kwa hiyo toa. Kutoka 14:20 mpaka 17:30 ni masaa 3 na dakika 10, na kusubiri bagaji zitoke kwenye ndeke weka dakika 40. Kinachobaki cha kuchezea na retari ni masaa mawili na nusu, yale sita yameishia wapi sasa.

Masaa mawili na nusu ya retari kwenye safari ya ndani, wewe unakaa Lubumbashi, unajua mwenyewe. Ndeke ya 13:00 mara nyingi ni ile ile iliyotoka asubuhi mahali pengine, ikikwama kule asubuhi, mchana Luano watu wanakaa. Ningekuwa mimi ni mzazi ningempeleka siku moja mbele. Alale Kinshasa kwa ndugu, biye ya kubadilisha siku itakula pesa kidogo, kukosa ndeke ya Bruxelles kutakula nyingi. Kama hakuna ndugu wala mahali pa kulala, basi angalau mhamishie kwenye ndeke ya asubuhi ya siku hiyo, na muulize kampuni kama siku ile wako na nyingine inayofuata mchana, ili ya kwanza ikianguka kuwe na ya pili.

Usimwache aingie mjini "kusalimia" akiwa na hayo masaa sita. Kutoka N'djili mpaka katikati ya mji ni zaidi ya kilometa 20 kwa boulevard Lumumba, na boulevard Lumumba jioni haina hesabu ya kilometa kwa saa.

Kuhusu shemeji na Addis-Abeba. Kwa kilometa hayuko sahihi, kwa akili labda yuko sahihi. Tuone. Kama kungekuwa na ndeke ya moja kwa moja Lubumbashi–Bruxelles ingekuwa kilometa 7,300 hivi. Kupitia Kinshasa ni 1,553 na nyingine 6,240, jumla kama 7,790, si mzunguko mkubwa. Kupitia Addis ni 2,600 mpaka Addis, halafu 5,620 mpaka Bruxelles, jumla 8,220 hivi. Kwa hiyo Kinshasa ni fupi kwa kilometa 430, nusu saa na kidogo ya kuruka. Lakini Ethiopian inatoka hapa hapa Luano, na inakuuzia biye moja mpaka Ulaya, bagaji mtoto anaiacha Luano anaikuta mwisho wa safari, na retari ikitokea ni kazi yao. Nusu saa ya angani kwa usalama huo, wengi wanaikubali haraka. Ila biye zako zimekwisha kulipwa, na biye za bei rahisi mara nyingi hazirudishwi, kwa hiyo usizitupe kwa sababu ya shemeji, linganisha kwanza: bei ya kubadilisha siku ya ndeke ya hapa, na hasara ya kuacha zote mbili na kununua upya. Ninavyoona mimi, siku moja mbele itashinda.

Na ujue saa ya Addis ni saa moja mbele yetu, kama utaangalia biye za kule usianze tena kuuliza nani anadanganya.

Bruxelles yenyewe iko na ujanja wake. Kule wanabadilisha saa, kuanzia jumapili ya mwisho ya mwezi wa 3 mpaka jumapili ya mwisho ya mwezi wa 10 wako na saa ya Lubumbashi hasa, hata dakika moja haipungui. Kisha wanarudisha nyuma, wanakuwa na saa ya Kinshasa. Kwa hiyo mwezi wa 9 ndeke ikitoka N'djili 20:30, hapa kwako ni 21:30, inaruka kama masaa 8, inafika Zaventem kama 05:30 asubuhi, na hiyo 05:30 ni ya kwao na ni ya kwako pia. Mtoto anaweza kukupigia pale pale, utakuwa umekwisha kuamka ama unajifanya. Mpaka mwisho wa mwezi wa 10 mtakuwa na saa moja, baada ya hapo yeye atakuwa saa moja nyuma yako, ukimpigia 06:00 utamkuta 05:00, atakuitikia juu wewe ni mama, lakini mpigie 07:00.

Umeniuliza pia kwa ujumbe wa pili kama gari moshi ama barabara vingeweza kusaidia kama ndeke zikikosekana. Kwa tarehe ya shule, hapana. Reli yetu ya SNCC inaishia Ilebo, baada ya hapo ni boti kwenye mto Kasai kisha mto Congo mpaka Kinshasa, na barabara ya RN1 kupitia Kolwezi, Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa na Kikwit ni zaidi ya kilometa 2,200, na mwezi wa 9 ndipo mvua inaanza kulainisha vile vipande vya Kasai. Usiifikirie. Kesho asubuhi nenda kwenye ofisi ya ile kampuni ya ndeke ya ndani ukiwa na biye mkononi, uliza mambo matatu: ndeke ni ya moja kwa moja ama inapiga eskale, kubadilisha siku ni pesa ngapi, na uzito wa bagaji wanaoruhusu. Hilo la tatu hukuniuliza lakini ni muhimu, juu kilo za safari ya ndani na kilo za safari ya Ulaya mara nyingi si sawa, na ziada wanaipima pale Luano, mbele ya watu, na sanduku liko wazi.